Barafu ya Ananasi kwa Koo la Onésime

Butembo hakuna mtu anayelilia barafu. Nani atailamba? Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni, wauza mboga wamejifunga vikwembe viwili viwili, na wanaume wazima na ndevu zao hawavui makoti kabla ya saa nne. Sasa wewe fika hapo na beseni la barafu, uone kama hawatakuuliza habari za kichwa chako. Mariette Kavuo aliulizwa siku ileile aliyofika kutoka Beni, maana juu ya lori, katikati ya magodoro na masufuria, kulikuwa na konjelateri yake, lile friji kubwa la kugandishia, imefungwa kamba pande zote. Mtaa mzima ukatoka kutazama.

"Mama, unatuletea baridi? Ile yetu haitoshi?" akasema mmoja.

Mariette akacheka pamoja nao. Mtu aliyekimbia vita hana nafasi ya kununa.

Kule Beni alikuwa mtu wa maana, tena mtu wa maana sana kwa watoto. Miaka kumi na mmoja aliuza barafu ya matunda mbele ya shule, na Beni jua halina mchezo, kwa hiyo kengele ya saa nne ikilia alikuwa hawezi hata kujikuna. Barafu ya papai, ya maembe, ya marakuja, lakini hasa ya ananasi, kwa sababu ananasi ya Beni ukiikata ndani ya nyumba jirani anajua. Waliosoma wanaita kitu hicho sorbeti. Mariette hakuhitaji hilo jina. Alikuwa na mkono wake, uma wake, na bwana yake Onésime wa kuonja.

Huyo Onésime Syauswa alikuwa seremala siku sita na mwimbaji siku ya saba. Kanisani aliimba besi, na wengine wa besi walikuwa wanasimama nyuma yake ili wasipotee. Kazi yake kwenye barafu ilikuwa kusema sukari imezidi. Kila mara imezidi. Mariette alikuwa anamwambia arudi kwa mbao zake, na sukari haipunguzi.

Halafu yakaja yale mauaji ambayo kila mtu wa Beni anayajua na hakuna anayependa kuyaeleza, nami sitayaeleza. Wakahama. Butembo Onésime alipata kazi katika karakana ya watu, na Mariette akaanza kununua maharage Musienene na kuyauza mjini. Konjelateri ikawa ghala. Humo ndani aliweka magunia, kwa kuwa panya wa Butembo ni hodari lakini chuma hawajakiweza. Binti yao Eliane alikuwa ameolewa Kisangani. Maisha yakaendelea hivyo, ya baridi kidogo lakini ya amani.

Ugonjwa ulianza kama mwiba wa samaki. Onésime alisema kuna kitu kimekwama kooni, akameza tonge kubwa la bugali bila kutafuna ili likisukume, maana ndivyo tunavyofanya wote. Hakikusukumika. Baada ya miezi mitatu ile besi ikawa mnong'ono. Baada ya mitano bugali ukamshinda, kisha maharage, kisha hata viazi vilivyopondwa. Hospitalini walimwingiza kimpira chenye taa kooni, wakatazamana, wakamwambia Mariette kwa upole kwamba ni uvimbe mbaya, kwamba mashine ya kuutibu haiko hapa wala karibu na hapa, na kwamba amrudishe nyumbani ampe anachoweza kumeza. Mtu akikuambia hivyo unamshukuru, unatoka, na ukifika barabarani ndipo unagundua kwamba hukuambiwa kitu.

Anachoweza kumeza. Mariette alipika uji wa mtama, uji wa mahindi, uji wa soya, wote wa moto kama mgonjwa anavyostahili. Kila kijiko kikishuka Onésime alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Alikonda hata pete ya ndoa ikawa inaanguka, wakaizungushia uzi ikae. Mwezi wa tisa alikuwa amepitisha siku mbili bila kumeza chochote, anakaa tu kwenye kiti karibu na dirisha, ndipo ikanyesha mvua ya mawe.

Ilipiga bati mpaka watu hawasikilizani. Mariette aligeuka akamwona bwana yake amenyoosha mkono nje ya dirisha, ameokota punje ya mvua iliyosimama ukingoni, ameitia mdomoni. Alitaka kumgombeza, mtu mzima anakula mawe ya mvua. Halafu akaona koo linapanda na kushuka. Onésime akaokota nyingine. Nayo ikaenda.

"Inapita," akanong'ona.

Mariette aliketi chini palepale. Kisha akainuka, akaanza kutoa magunia ya maharage ndani ya konjelateri.

Umeme waliomba kwa Gamaliel, jirani mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Alipitisha waya juu ya ukuta na kutoa sharti moja tu: yeye akiwasha mashine yake ya kuchomelea, Mariette achomoe, kwa sababu laini haibebi vyote viwili. Kwa hiyo mama wa watu akawa anaishi kwa kusikiliza. Gamaliel akianza kuchoma geti la mtu, anakimbia kuchomoa. Akinyamaza, anakimbia kurudisha. Majirani walidhani amepata wazimu wa kukimbiakimbia uani.

Jaribio la kwanza alifanya na marakuja za Kipese, kwa kuwa ndizo zilizokuwa sokoni. Kosa. Marakuja ni chachu, na koo la Onésime lilikuwa kidonda. Alimeza kijiko kimoja, akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka magotini. Mariette alijilaani siku nzima. Kesho yake akaenda kwa Katungu, muuza matunda aliyekuwa anapokea mzigo wake kutoka Beni, akamwomba ananasi zilizoiva kabisa, zile ambazo wengine wanazikataa kwa sababu zimeanza kulegea, na papai moja la kuzipoza ukali.

Ananasi aliimenya akatoa kila jicho, akaikata vipande, akaichemsha kidogo kwanza, kwa sababu ananasi mbichi ina meno na hata ulimi mzima inauuma. Akaiacha ipoe. Akaiponda na papai, akachuja kwa kitambaa mara mbili mpaka pasibaki hata uzi mmoja. Maji na sukari aliyachemsha peke yake, akayapoza, akayachanganya. Kisha ndani. Watu wengi hufikiri hapo kazi imekwisha, wanakwenda zao, na wakirudi wanakuta jiwe la kuvunjia kichwa. Kazi ndiyo inaanza. Kila baada ya muda unafungua, unaikwangua kwa uma, unaivuruga, unairudisha, tena na tena, mpaka iwe laini kama unga uliolowa. Kwa watoto wa shule alikuwa anaikwangua mara tatu. Kwa Onésime aliikwangua mara tisa, ili kisije kikabaki kipande cha kumkata.

Siku ya kwanza alimeza vijiko vinne. Siku ya pili, saba. Wiki ya pili alikuwa anamaliza kikombe asubuhi na kikombe jioni, na siku moja akamvuta Mariette kwa mkono, akamnong'oneza, "Sukari imezidi." Mariette alifurahi. Nasema wazi, alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Alijua vizuri kwamba barafu haitibu uvimbe. Hakuwa mjinga. Alichotaka ni kwamba mtu huyu, hata kama anakwenda, asiende kwa njaa. Hicho tu.

Ndipo akaja Kaswera.

Kaswera ni dada mkubwa wa Onésime, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, mwanamke wa miaka karibu sabini, mkulima wa Kipese, huko milimani. Mama yao alikufa Onésime bado ananyonya. Kaswera, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliacha shule, akamfunga mgongoni, akamlea kwa uji. Kwa hiyo usimwambie Kaswera habari za uji. Aliteremka kwenye pikipiki na unga wa mtama kilo kumi na kuku mmoja, na kabla ya kuketi alikwisha funga dirisha. Kwa watu wa milimani ugonjwa ni baridi iliyoingia mwilini, na dawa yake ni joto la kuifukuza. Akaleta babula, jiko la makaa, chumbani. Akaweka blanketi la tatu. Akageuka, akamwona Mariette na bakuli.

"Mama Eliane, ile ni nini?"

"Ni barafu ya ananasi, yaya. Njo kitu anaweza kumeza."

"Barafu?" Kaswera alichovya kidole, akakirudisha haraka. "Mu kifua ya mugonjwa? Unataka tumuzike?"

"Yaya, uji inakatala kupita. Ile ya baridi inapita. Nimeona na macho yangu."

"Miye nilimulea na uji, akakuwa mwanaume. Weye unataka kunifundisha ule mutoto?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Mama mkwe hayupo, yeye ndiye mama mkwe. Mariette akafunika bakuli, akalirudisha. Wahenga wanasema mgonjwa haulizwi uji, na kweli Kaswera hakuuliza. Alipika, akapoza kwa kupuliza, akamnyanyua kichwa. Onésime alifungua mdomo kwa heshima, akakaza macho, na nusu ikarudi kwenye shuka.

Tangu hapo Mariette akawa mwizi nyumbani mwake. Alfajiri Kaswera akienda kwenye maombi ya kina mama, yeye alikuwa anafungua dirisha, anakimbia kwenye konjelateri, anamlisha bwana yake vijiko harakaharaka, anafuta midomo, anafunga dirisha. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na anaficha kijiko chini ya kikwembe. Wakati mwingine Onésime alitabasamu. Yeye hakuweza.

Siku moja maombi yalikatizwa na mvua, Kaswera akarudi mapema. Alisimama mlangoni na mwavuli wake unatiririka maji. Mariette hakuwa na pa kuficha kitu. Lakini Kaswera hakumtazama yeye. Alimtazama mdogo wake anavyofungua mdomo mwenyewe, bila kunyanyuliwa, anavyomeza, na anavyofungua tena.

"Anameza," akasema Kaswera.

"Anameza, yaya."

Mama mzee akavua viatu, akaketi kando ya kitanda, akalia ndani ya kikwembe chake. Tangu siku ile hakuna aliyemficha mwenzake. Hata Gamaliel akianza kuchomelea, Kaswera ndiye alikuwa anapiga mbio kwenda kuchomoa waya. Mariette aliamini wameelewana. Mimi pia ningeamini.

Kisha barabara ya Beni ikafungwa. Watu walikuwa wameuawa njiani, magari yakasimama, na kwa Katungu zikabaki ndizi na vitunguu. Mariette alikwenda kila asubuhi. Alimsumbua kila muuza matunda mpaka wakawa wanamwona kwa mbali wanatikisa kichwa. Atamlalamikia nani? Waliokufa njiani pia walikuwa na watu waliowangoja, na njaa ya mgonjwa mmoja haifungui barabara. Siku ya sita Katungu alimtumia salamu: ameletewa ananasi mbili kwa pikipiki, kwa njia za porini. Mariette alizibeba kifuani. Akafika nyumbani akakuta umeme umekatika.

Umeme ulikaa siku tatu bila kurudi. Hakuna wa kumuuliza, hakuna wa kumwomba. Gamaliel mwenyewe alikaa mlangoni pa karakana akitazama mikono yake. Ile ananasi iliyochujwa ilikaa ndani ya ndoo, ndoo ndani ya beseni la maji ya kisima, na kila saa Mariette aliionja kwa hofu kama imechacha. Onésime alikuwa analambishwa matone ya maji baridi, si zaidi. Hakulalamika. Aligeuza tu macho kila mlango wa konjelateri ulipolia.

Umeme uliporudi Mariette hakulala mpaka ameikwangua mara tisa. Ikatoka ndoo ndogo moja, njano, laini, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Akapima kwa macho: vijiko viwili viwili, itamfikisha siku nne, labda tano. Na siku tano ni nyingi. Ndani ya siku tano barabara inaweza kufunguka.

Asubuhi ile Onésime alimeza vijiko vitatu, rangi ya uso ikarudi kidogo. Ilikuwa siku ya soko Musienene, na maharage ndiyo yaliyokuwa yanalisha nyumba yote, pamoja na mgonjwa na mgeni. Mariette akamwita wifi yake mbele ya konjelateri.

"Yaya, iko hapa. Kama ananyoosha mukono, unamupatia vijiko mbili, polepole. Kisha unarudisha na unafunga muzuri."

"Nimesikia."

"Mbili tu, yaya. Haiko ingine."

"Mama Eliane, nimesikia. Enda, gari itakuacha."

Akaenda. Njiani, katikati ya magunia, moyo wake ulikuwa mwepesi, ukweli ni huo. Alikuwa anawaza kwamba ni vizuri Onésime kulishwa na dada yake, kwamba pengine hata Mungu alipanga wapatane kabla ya yale yanayokuja.

Alirudi saa tisa. Kaswera alikuwa anamngoja mlangoni, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mama Eliane, kuya uone. Amemaliza."

"Amemaliza nini?"

"Yote. Ndoo yote. Hata tone moja haikubakia."

Ndani ya chumba kulikuwa na joto la kukata pumzi. Babula ilikuwa inawaka, na juu yake sufuria yenye ukoko wa njano pembeni. Mariette aliitazama ile sufuria. Alikuwa amesema kila kitu isipokuwa hilo. Katika miaka yote ya kutengeneza barafu hakuwahi kumwambia mtu asiipashe moto. Nani angewaza kusema hivyo?

"Nilimupashia," Kaswera akasema, naye akishusha sauti kama mtu anayetoa siri tamu. "Baridi yake ilikuwa mbaya, vidole byangu bilikufa kuishika. Nikasema, hapana, ndugu yangu ataingiza hii mu kifua namna gani? Nikaiweka ku moto, ikachemka muzuri, nikamupatia kikombe. Akanywa. Nikaleta ingine, akanywa. Hakukatala hata moja, Mama Eliane. Machozi ilikuwa inashuka tu. Nikamuambia, lia tu, mutoto yangu, Mungu iko muzuri."

Mariette akainama juu ya kitanda. Shingo ya Onésime ilikuwa imevimba upande wote wa kushoto, na kitambaa kilichokuwa chini ya shavu lake kilikuwa kimelowa mate. Akachovya kijiko kwenye maji ya baridi, akamdondoshea tone moja ulimini. Tone lilikaa kidogo, kisha likatoka pembeni mwa mdomo. Akadondosha jingine. Nalo likatoka.

"Kwa nini ulikubali?" akamnong'oneza. "Kwa nini hukukatala?"

Onésime hakuweza kunong'ona tena. Aliinua mkono, taratibu sana, akaweka kidole juu ya midomo yake. Kisha akaelekeza kidole hichohicho uani, ambako Kaswera alikuwa ametoka na sufuria, anaisugua kwa mchanga na kuimba wimbo wa kanisa, sauti ya juu, kama mtu aliyeshiba.

Mariette alielewa, na kuelewa hakukumsaidia kitu. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia yule mama mzee, akamkasirikia huyu mtu aliyekunywa moto kikombe baada ya kikombe kwa sababu ya heshima, akajikasirikia mwenyewe na Musienene yake. Alitaka kutoka uani aseme neno moja tu, lile la kweli. Alifika mpaka mlangoni. Kaswera aliinua kichwa, mikono imejaa mchanga, akamtabasamia.

"Umeona? Ilikuwa inakosa moto tu," akasema. "Kesho utengeneze ingine, miye nitaipasha."

Mariette alishika fremu ya mlango. Nyuma yake alisikia kitanda kinalia, Onésime anajaribu kujiinua ili asikie atakachojibu.

"Ndiyo, yaya," akasema, akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Wasingya. Kesho nitatengeneza ingine."

Akarudi ndani, akatafuta kitambaa kikavu, akabadilisha kile kilicholowa.